Propela Iliyopitishwa kwa Sikio

Siku ya tatu na ya mwisho ya kongamano la watengenezaji wa propela, Inspekta aliingia ukumbini na viatu vilivyolowa, beji ya mgeni shingoni, na kipande cha shaba ndani ya mkoba. Kipande kilikuwa na ukubwa wa kiganja na uzito wa tofali. Mlinzi wa mlangoni alikipitisha kwenye mashine, akakitazama, kisha akamtazama mwenye mkoba.

"Humu ndani, mama, ukiingia bila shaba ndiyo nitakushangaa."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, ameshaachana na vicheko vya adabu, na asubuhi ile alikuwa ametoka kituoni ambako mke wa nahodha alikaa kwenye benchi lake la kila siku, bakuli la chakula mapajani, akisubiri ruhusa ya kulipeleka ndani. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Yule mama aliinua macho tu, akayashusha, na Inspekta akapita mbele yake akijiona mkosaji.

Feri ya nahodha ilizama mita mia mbili kabla ya gati. Panga moja la propela lilikatika, na propela ya mapanga manne ikibaki na matatu haizunguki tena, inapiga. Ilipiga mpaka ikapasua nyuma ya chombo, maji yakaingia, na watu kumi na mmoja hawakufika nchi kavu. Kabla hata maiti hazijazikwa, mwenye feri aliwaambia waandishi wa habari kwamba nahodha aligonga mwamba. Nahodha akawekwa ndani. Jumatatu angesomewa mashtaka ya kusababisha vifo kumi na moja kwa uzembe, na leo ilikuwa Ijumaa.

Kipande cha mkobani kilisema vingine. Mtaalamu wa madini alikikata kwenye shina la panga, pale linapoungana na kitovu cha propela, akamwonyesha Inspekta kwamba mahali palipovunjika pana rangi mbili. Theluthi mbili zilikuwa nyeusi, theluthi moja inang'aa kama kijiko kipya.

"Hapa peusi ni ufa wa zamani," alisema. "Hapa panapong'aa ndipo palipomalizikia siku ile." Kisha akagusa kwa ncha ya kalamu ukoko mwembamba wa kijani, ndani kabisa ya weusi. "Na hii ni rangi ya kupaka. Iliingia kwenye ufa. Propela haipakwi rangi ikiwa majini, Inspekta. Ilifungwa kwenye feri ikiwa mbovu tayari."

Mwendesha mashtaka alisikiliza hayo yote akichezea kalamu yake. Rangi haiwezi kusimama kizimbani, alisema. Niletee aliyeipitisha. Na watu wote waliowahi kuyeyusha, kunyoosha au kuuza propela walikuwa chini ya paa hili la bati mpaka saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo wangetawanyika kila mtu kwenye bandari yake, na kuwakusanya tena ingekuwa kazi ya miezi.

Banda la wakala lilikuwa karibu na mlango, mahali pa watu wanaopenda kuonekana. Propela sita zilisimama juu ya vitambaa vyekundu, zimesuguliwa mpaka zinamrudishia mtu uso wake ukiwa umevutika upande. Wakala mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti laini, alimwona Inspekta kwa mbali na akawahi kuvaa tabasamu.

"Afande. Nilidhani tulimaliza kwenye simu. Propela ilikuwa mpya, ilitoka kiwandani. Mimi nimeipokea, nimeipeleka, basi."

"Kiwanda kinasema hakijakuuzia propela yenye namba hiyo."

"Viwanda vina makarani, na makarani wanasahau."

Inspekta aliweka picha juu ya kitambaa chekundu. Ilikuwa picha ya kitovu cha propela baada ya wazamiaji kuitoa chini, na namba yake ya tarakimu nane iliyogongwa kwenye shaba. "Tazama na mimi. Sita za mwanzo zimelika pembezoni, ukipitisha kidole huzihisi. Mbili za mwisho zinakwaruza. Nani alizigonga?"

Wakala aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. "Shusha sauti," alisema.

"Sijaipandisha."

Alivuta kiti akakaa, na tabasamu likakaa nalo. "Haikuwa mpya. Ilikuwa nyuma ya ghala langu miaka sita. Ilianguka kutoka kwenye winchi, panga moja likakunjika. Mwenye feri alikuwa anataka haraka, na mpya ingechukua miezi mitatu kufika. Nikaipeleka ikanyooshwa, nikaipaka rangi, nikabadilisha namba. Sawa. Nimesema. Lakini subiri, usiniangalie hivyo." Alifungua mkoba wake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilidanganya umri wake. Uzima sikuudanganya. Ile propela ilipita kwa Mzee Sikio mwenyewe, yule anayegonga shaba akasikia ufa. Soma."

Kilikuwa cheti cha karakana. *Imegongwa mapanga manne. Yote yamelia. Imepita.* Chini yake saini, na tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Miezi minne iliyopita.

"Na dawa nyekundu ya kufichua nyufa? Vyeti vingine vyote nilivyoona vina mstari wake."

"Mzee Sikio akigonga, nani anaomba dawa? Ni kama kumtukana mtu mzima mbele ya watoto wake." Wakala alitikisa kichwa. "Humu ndani sisi sote tuna dawa, tuna mashine za sauti, tuna kompyuta. Lakini mteja akisikia mzee amegonga, hataki kuona kingine."

"Ulimpa nini ili aipitishe?"

Kwa mara ya kwanza wakala alikasirika kweli, mashavu yakamtetema. "Uliza yeyote. Huyo mzee amenikatalia propela tisa, moja mbele ya mteja wangu, akanichorea msalaba wa chaki mkubwa kama mlango. Hanunuliki. Angekuwa ananunulika, afande, mimi ningekuwa nimemnunua zamani."

Inspekta alimwamini. Aliwajua waongo kwa miaka ishirini na sita, na alijua kwamba ukweli wao huwatoka pamoja na kinyongo. Akachukua cheti, akamwambia asitoke ukumbini, akaelekea nyuma.

Nyuma ya ukumbi paa lilikuwa linavuja. Waandaaji walikuwa wamepanga ndoo kwenye njia, na wageni wenye suti walizipita wakijifanya hawazioni. Lakini hapo ndipo palipokuwa na watu wengi kuliko kote. Kwenye boriti ya chuma zilining'inia propela nne kwa minyororo, kila moja na urefu wa mtu, na mbele yake alisimama mzee mwembamba mwenye nyundo ya mpini mfupi. Masikioni alikuwa na pamba. Fundi mmoja aliyesimama pembeni alimnong'oneza Inspekta, kwa fahari ya mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ya kwao, kwamba mzee hutembea na pamba mwaka mzima. Masikio ni vifaa vyake vya kazi, na vifaa hufungwa vizuri.

"Moja kati ya hizi ina ufa," fundi alisema. "Waandaaji tu ndio wanajua ipi. Ngoja uone."

Mzee Sikio alitoa pamba, akaitia mfukoni. Kando yake alisimama binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtoto mchanga mgongoni na kipande cha chaki mkononi. Ukumbi ulinyamaza. Mzee aligonga propela ya kwanza, panga kwa panga, na shaba ikalia sauti ndefu iliyopanda mpaka kwenye bati. Akageuka kumtazama binti yake, akanyoosha mkono, akapewa chaki, akachora duara. Ya pili ikalia, duara. Ya tatu nayo ikalia, na Inspekta, aliyekuwa ametega masikio yake yote mawili, hakusikia tofauti. Mzee akamgeukia binti, akachukua chaki, akachora msalaba.

Watu walipiga makofi na miguu. Mwandaaji akainua karatasi kuthibitisha. Inspekta hakupiga makofi, kwa sababu alikuwa anamtazama mtu ambaye hakuna mwingine aliyekuwa anamtazama. Binti alikuwa ameshika chaki kwa mkono wa kushoto kwenye propela ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu aliihamishia mkono wa kulia.

Jambo dogo, na huenda lilikuwa bure. Lakini dakika hiyohiyo, kwenye banda la jirani, mnyororo wa winchi uliteleza na propela nzima ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Mlio ulipiga ukumbi kama radi iliyofungiwa ndani. Watu waliinama. Mtoto mgongoni aliruka akaangua kilio. Mzee Sikio alikuwa anafuta nyundo yake kwa kitambaa, akaendelea kuifuta polepole, hana hili wala lile, mpaka alipoinua macho na kuona nyuso za watu.

Ndipo naye akashtuka. Alishtuka vizuri sana, kwa kuchelewa kidogo.

Inspekta aliona, akaelewa. Hakufurahi hata kidogo.

Saa saba watu walikwenda kula. Inspekta alishusha pazia la banda, akasimama nyuma ya mzee aliyekuwa akipanga nyundo zake kwenye sanduku.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliendelea kupanga nyundo.

"Baba ana pamba, mama," binti alisema haraka. "Na amechoka."

"Pamba iko mfukoni, dada. Nimemwona akiitia." Inspekta alionyesha kitambulisho chake, kisha akamtazama mtoto ambaye alikuwa amelala tena. "Ana umri gani?"

Binti alishangaa swali, uso ukalegea. "Miezi minne na siku tatu."

Leo ilikuwa tarehe kumi na tano mwezi wa saba. Inspekta hakuhitaji vidole kuhesabu. "Una daftari la ukaguzi hapa?"

Daftari lilikuwepo, kwa sababu wateja hupenda kulifungua. Inspekta alilisoma akiwa amesimama. Kurasa nyingi, miaka mitatu ya propela, namba, mapanga, matokeo, yote kwa mwandiko mmoja mdogo uliopangika kama mishono. Kisha ukurasa wa tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Siku hiyo ilikuwa na ingizo moja tu, kwa herufi kubwa zinazoyumba, zilezile za saini ya kwenye cheti. Tarehe kumi na tisa mwandiko mdogo ulirudi.

"Wiki hiyo ulikuwa wapi?"

"Hospitali," binti alisema. "Nilijifungua kwa kupasuliwa."

"Tarehe kumi na mbili."

"Tarehe kumi na mbili. Asubuhi." Kisha akaona kilichokuwa mkononi mwa Inspekta, kile cheti, akakisoma kwa mbali, na mkono wake ukapanda mdomoni. Mzee alikuwa amegeuka sasa. Alikuwa anawatazama midomo, mmoja kisha mwingine.

"Mnasema nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

Inspekta alisogea mpaka akawa mbele ya uso wake. "Mzee, nataka unigongee zile propela nne mara moja tu. Nitaomba zibadilishwe nafasi kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna mtu yuko ndani, na mkewe anampelekea chakula kila siku."

Wapagazi wawili waliitwa. Inspekta alifuta msalaba na maduara kwa kitambaa chake, wapagazi wakabadilisha nafasi za propela kwenye boriti, wakaondoka wakiwa wamenuna kwa kukatishwa chakula. Kisha alinyoosha mkono kwa binti.

"Nipe chaki."

Binti hakutoa. Macho yalimjaa. "Mama, nakuomba. Una wazazi?"

"Nilikuwa nao. Nipe, dada. Halafu geuka utazame ukuta."

Chaki ilikuwa ya joto na yenye unyevu wa kiganja. Inspekta aliitia mfukoni. Mzee Sikio alitazama mfuko ule, akautazama mgongo wa binti yake, na Inspekta akaona kwamba ameelewa kila kitu na hatakimbia. Alichukua nyundo. Aligonga ya kwanza, akasubiri. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kila moja ililia, na katika banda hilo dogo milio ilikuwa mikubwa mno, mtoto akajinyonganyonga mgongoni. Mzee alisimama ameshika nyundo, akitazama mahali ambapo chaki ilipaswa kuwa.

"Sijui," alisema.

Binti aligeuka. "Ni ya nne, baba," alisema kwa midomo tu, bila sauti, na kilio kikamshinda.

Inspekta alivuta kiti akamkalisha mzee, naye akakaa mbele yake ili midomo yake ionekane. Aliuliza kama anavyouliza siku zote, polepole na kwa mpangilio, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuvuka pale.

"Ni tangu lini?"

"Miaka mitatu sauti zimezimika kabisa. Kabla ya hapo zilikuwa zinapungua. Zile nyembamba zilitangulia. Miaka arobaini ya kusaga shaba, mwanangu. Tulikuwa hatuvai kitu masikioni. Kuvaa ilikuwa uoga."

"Nani anajua?"

"Huyu." Alimwonyesha binti kwa kidevu. "Yeye ndiye anayesikia. Tangu mdogo. Anasikia ufa ambao hata mimi siku zangu ningeupita. Mimi nagonga, yeye anasikia, chaki inasema. Hatujawahi kukosea. Hata mara moja."

"Mara moja," Inspekta alisema.

Alitoa kipande cha shaba mkobani akakiweka kwenye goti la mzee. Hakumweleza. Kidole gumba cha yule mzee kilikwenda chenyewe kwenye shina, kikapita juu ya pale palipong'aa, kikaingia kwenye weusi, kikasimama kwenye ule ukoko wa kijani.

"Tarehe kumi na mbili," alisema hatimaye. "Wakala alikuja na lori. Mwenye feri alikuwa naye, na watu wake. Binti yangu wamempeleka hospitali usiku. Ningesemaje? Ngojeni mwanangu atoke kujifungua? Wangeuliza, wewe Sikio unamngojea mwanamke wa nini? Ile dawa nyekundu ilikuwa kabatini, chupa tatu hazijafunguliwa. Lakini ningeitoa, wangetazamana. Mimi nimekuwa nikiwacheka wanaotumia dawa tangu nywele zangu nyeusi." Alikigeuza kile kipande mkononi. "Nikagonga. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Nikachora maduara manne."

"Ulijua ina ufa?"

"Sikujua. Sikujua chochote. Nilikisia, mwanangu. Panga lilionekana limenyooka vizuri."

Inspekta aliandika hayo kama yalivyosemwa. Alimhurumia, na huruma hiyo ilimchukiza, kwa sababu alikuwa ameiona orodha ya wale kumi na mmoja, na mdogo wao alikuwa na miaka sita. Binti alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, paji la uso kwenye mkono wa baba yake. Alikuwa anasema ni yeye, ni yeye aliyelizua jambo la chaki, aandikwe yeye. Mzee hakuwa anamtazama, kwa hiyo hakujua kwamba anasema kitu.

Kisha mzee alisimama. Alikwenda kwenye propela ya kwanza akaishika ukingo kwa mikono miwili, akainama, akauma shaba kwa meno. Inspekta alidhani amerukwa na akili. Lakini mkono wa kulia wa mzee ulichukua nyundo na kugonga panga la upande wa pili, na yeye akabaki pale ameuma, macho yamefumbwa, mpaka mlio ulipokwisha. Akaenda ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne aliuma, akagonga, na akaachia upesi.

"Hii," alisema. Alifuta mdomo. "Nzima inatetemeka mpaka kwenye utosi, inachelewa kutulia. Hii imekufa njiani. Nilijaribu nyumbani mara moja, mwaka jana, mlango nimeufunga. Nilikuwa naweza. Siku ile nilikuwa naweza. Ningeuma tu." Alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha ndani yake. "Lakini nani amemwona Mzee Sikio akiuma propela kama mbwa, mbele ya wateja?"

Matone yalikuwa yanagonga ndoo nje ya pazia. Inspekta alimpa taarifa aisome na kutia saini, naye akaisoma neno kwa neno, akarekebisha tarehe mahali pamoja, akasaini kwa zile herufi kubwa zinazoyumba.

"Huyo aliye ndani," aliuliza akirudisha kalamu, "yeye alisema nini?"

"Nahodha? Alisema alihisi kitu kwenye nyayo siku tatu kabla. Mtetemo mdogo, sakafuni, chombo kikikata kona. Alimwambia mwenye feri. Akaambiwa aendelee na safari."

"Kwenye nyayo," mzee alisema.

"Ndivyo alivyosema. Imeandikwa."

"Siku tatu." Mzee aliketi tena. Alionekana mdogo ndani ya koti lake. "Na mashine zote zile zinanguruma, na abiria, na upepo. Alisikia."

Saa kumi na nusu vipaza sauti vilikohoa. Mwenyekiti wa chama aliwashukuru wadhamini, akawashukuru waandaaji, akaomba radhi kwa paa. Kisha akasema kwamba mwaka huu nishani ya chama inakwenda kwa mtu asiyehitaji kutambulishwa, na ukumbi mzima ukaanza kuita jina lile kwa pamoja, Sikio, Sikio, miguu ikipiga sakafu.

Mzee alikuwa anafunga sanduku la nyundo. Binti alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa na taarifa iliyosainiwa mkobani, gari la kituo lilikuwa mlango wa nyuma, na hakuna kanuni iliyomtaka aruhusu kitu kingine. Alimgusa mzee begani akamgeuza. "Wanakuita jukwaani," alisema kwa midomo iliyo wazi. "Huna lazima ya kwenda."

"Wananiita Sikio?"

"Ndiyo."

Alifunga kifungo cha koti. Walitoka watatu, mzee mbele, na watu wakampisha, wakimpigapiga mgongoni. Wakala alikuwa miongoni mwao, akipiga makofi bila kutazama juu. Mwenyekiti alimvika nishani na kumpa kipaza sauti, na mzee akakishika mbali na mdomo, kama mtu ambaye haoni faida yake, kisha akakisogeza.

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu niligonga propela ya feri," alisema. "Ile iliyozama. Nilisema imelia. Sikuisikia. Mimi ni kiziwi miaka mitatu, na nimewadanganya nyote, na watu kumi na mmoja wamekufa. Kabatini nilikuwa na dawa, sikuitumia kwa aibu." Alivua nishani shingoni taratibu, ikakwama kidogo kwenye sikio, akaitoa. "Aliyeisikia ile propela ni nahodha wake. Aliisikia kwa nyayo siku tatu, akasema, hakusikilizwa. Yuko rumande. Mkewe anampelekea chakula. Hii mpelekeeni yeye."

Aliiweka nishani kwenye meza ya mwenyekiti, juu ya karatasi.

Ukumbi haukutoa hata kikohozi. Inspekta alisikia matone ndani ya ndoo, moja baada ya jingine, na mahali fulani mnyororo ukijigusa wenyewe. Alifikiria benchi la kituoni na jinsi atakavyoanza kumwambia yule mama, na kama atamngoja apeleke chakula ndani kwanza.

Mzee alikuwa bado jukwaani. Nyuso mia tatu zilikuwa zimemgeukia na midomo yote imefungwa, na hakujua kama wamemsikia au kipaza sauti kilikuwa kimezimika. Akafanya alichozoea kufanya kwa miaka mitatu. Alimtafuta binti yake pale chini, akaitazama mikono yake ili ajue.

Binti aliinua mikono yote miwili ikiwa mitupu. Chaki ilikuwa bado mfukoni mwa Inspekta.